Nimekwama ukurasa wa 43, niendelee au nirudishe? Na nyie mnasoma nini siku hizi?

Kibanda_Namba_9

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa, kibanda changu kiko Ubungo. Asubuhi foleni, jioni foleni, ila kuanzia saa nne mpaka saa tisa mchana naweza kukaa dakika kumi bila mteja. Muda huo nilikuwa naumalizia kwenye simu. Video moja inaita nyingine, nikifunga kibanda macho yanauma na sikumbuki hata kimoja nilichotazama. Mwezi uliopita nikasema basi, nirudi kwenye vitabu.

Sijasoma riwaya tangu kidato cha nne. Na hata zile za kidato cha nne sina hakika kama nilizisoma. Takadini, Watoto wa Mama Ntilie, Joka la Mdimu, zote nilikariri hoja tu. "Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, toa hoja tatu kutoka kila riwaya." Mpaka leo ukinitajia Joka la Mdimu kinachonijia kichwani ni rushwa, umaskini na nafasi ya mwanamke. Nani alimfanya nini nani, hapo msiniulize.

Sasa kuna mteja wangu, mzee mstaafu, kaniazima Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Anasema kwa Kiswahili hakuna kinachokizidi. Hii wiki ya tatu, niko ukurasa wa 43. Watu wanasalimiana. Wakimaliza kusalimiana wanakaribishwa, wakikaribishwa wanapikiwa, wakishiba wanaagana, na kuagana kwenyewe kuna hatua zake. Naona haya kumrudishia mzee wa watu kabla sijamaliza, maana kila akija kutoa pensheni yake ananiuliza nimefika wapi.

Naombeni ushauri. Nijilazimishe au nirudishe? Na nyie mnasoma nini sasa hivi, kitu mnachosoma kwa raha yenu bila kuambiwa na mtu?

MzeeWaKiko

Rudisha leo leo. Kitabu si dawa ya malaria kwamba lazima umalize dozi.

Mimi nipo na Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, mara ya nne hii. Hadithi ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, ikatoka kitabu 1960, na bado inanitoa jasho ilhali muuaji namjua. Mpelelezi ni Bwana Msa na kiko chake, hana haraka, na pembeni yake rafiki yake Najum anayeshangaa kila kitu kwa niaba yetu wasomaji. Kiswahili chake cha Unguja kitamu mpaka unarudia sentensi. Aliyekaa miaka bila kusoma aanze na maiti, asianze na salamu.

Ukienda kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, fungua mwisho uhakikishe kurasa zipo. Uhakikishe tu, usisome.

BintiUkerewe

MzeeWaKiko tuheshimiane, hicho kitabu ni cha kwetu.

Kibanda, kabla hujarudisha nisikilize. Kitereza alizaliwa 1896. Aliiandika hadithi hiyo kwa Kikerewe akaimaliza 1945. Wa kuichapa hakuna. Akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, na 1981 akafariki. Miaka thelathini na mitano mswada unangoja. Sisemi usome kwa kumwonea huruma, nasema mtu aliyengoja hivyo hakujaza kurasa ili zijae.

Sasa hizo salamu zako. Huyo mwanamume anakwenda wapi? Anakwenda ukweni. Wakwe wamemchukua binti yao kwa sababu ndugu wa mume walimsimanga kwamba hazai. Myombekere anampenda mkewe, anamtaka, na hawezi kufika mlangoni akasema "nipeni mke wangu." Ndiyo maana anasalimia, anakaa anapoonyeshwa, anakula alichopewa, anasubiri aulizwe. Anaogopa! Rudi ukurasa wa 30 usome ukijua kwamba mtu huyu anaogopa, halafu uje uniambie kama ni salamu tu. Na subiri ufike kwenye pombe ya ndizi anayotozwa.

Mimi kwa sasa nasoma Rosa Mistika ya Kezilahabi, naye wa kisiwa hicho hicho cha Ukerewe. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo sisi tuliisoma chini ya mto. Nilikuwa na umri wa Rosa, na nilimchukia sana Zakaria, yule baba anayempiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana. Safari hii naisoma nikiwa na binti wa miaka kumi na sita. Nimemchukia Zakaria vilevile. Halafu juzi usiku nikajikuta nimeshika simu ya mwanangu napekua meseji. Niliiweka chini nikaenda kulala, na kitabu nikakiacha siku mbili.

Mwanachaki_Kisii

Hujambo ndugu. Usidhani ni kwenu tu. Huku Kenya ni "Weka dondoo hili katika muktadha wake (alama 4)". Mimi ni mwalimu, mimi ndiye ninayewauliza wanafunzi swali hilo, Mungu anisamehe. Kidagaa Kimemwozea cha marehemu Ken Walibora nilikifundisha miaka yote kilipokuwa kitabu teule, hadi nikawa nakisoma kwa namba za kurasa. Alipofariki 2020 nilitafuta riwaya yake ya kwanza, Siku Njema ya 1996, nikaisoma likizoni bila kalamu mkononi. Huyo kijana Kongowea anavyotoka Tanga kumtafuta babake hadi Kitale, wacha tu! Mke wangu aliniita mara tatu nije kula.

Ushauri wangu ni huo wa kalamu. Kama unapigia mistari, bado uko darasani.

fundi_bomba_255

Mimi sisomi riwaya, nasikiliza redio. Nilidhani uzi ni wa uwakala nikaingia kuuliza kamisheni. Ila huyo Myombekere alipewa mke au hakupewa?

Mwana_wa_Muttrah

Asalaam aleikum jamani. Mie nipo Maskati, mamaangu wa Unguja, na nyumbani kwetu mpaka leo ni Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Unguja, alipopata Nobel ya Fasihi 2021 mama alifurahi kama aliyeshinda ni mtoto wake, kisha akauliza: kaandika nini? Hapo nikakosa jibu, kwa kuwa vitabu vyote ni vya Kiingereza na yeye Kiingereza hasomi. Sasa tunayo Peponi, riwaya yake Paradise kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Kila usiku baada ya isha namsomea kurasa nne tano.

Mtoto Yusuf ana miaka kumi na miwili, baba yake ana deni kwa tajiri Aziz, basi mtoto ndiye anayekwenda kulipa deni kwa kutumika. Yeye anadhani anasafiri na ami yake. Pale Khalil dukani anapomwambia yule si ami yako, mama alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaanza kunihadithia habari za nyumba moja mtaani kwao utotoni, mtoto aliyekuwa akiitwa wa nyumbani na kila mtu akijua si wa nyumbani. Habari hiyo sijapata kuisikia maisha yangu yote. Usiku ule hatukusoma tena.

Anasahihisha pia. Akisikia neno si la mtaani kwao hunambia "soma tena," kisha husema vile angelisema yeye. Kwa mwendo huu tutamaliza Ramadhani ijayo, na sina haraka.

Kwa hivyo Kibanda, mie nakwambia tafuta wa kumsomea. Salamu za Kitereza ukizitoa kwa sauti hazichoshi.

Kibanda_Namba_9

Wakuu nimerudi, siku sita baadaye. Naleta mrejesho, na aibu kidogo.

Nilimsikiliza MzeeWaKiko. Jumamosi nikaenda Posta, nikapata Mzimu wa Watu wa Kale, jalada limechoka ila kurasa za mwisho zipo. Jumatatu nikaanza kukisoma kibandani. Mzee, hukunionya! Saa tano asubuhi nimezama, Bwana Ali keshauawa, sijui nimshuku nani, anakuja dada anataka kuweka elfu kumi na tano. Nikapokea hela, nikabonyeza, nikarudi kwenye kitabu. Jioni nafunga hesabu, pungufu elfu thelathini na tano. Nilimwekea elfu hamsini. Kumbe dada mwenyewe aliona ujumbe, akarudi kesho yake kuzirudisha, na soda juu nikamnunulia. Angekuwa mtu mwingine ningekuwa nimekula hasara ya siku tatu.

Tangu hapo Bwana Msa anabaki nyumbani, tunaonana saa tatu usiku. Kibandani nimemrudisha Myombekere. Na hapa BintiUkerewe nakuvulia kofia. Nilirudi ukurasa wa 30 kama ulivyosema. Kweli anaogopa. Halafu nimegundua kitu: hicho kitabu mteja akija unakiweka, ukirudi unawakuta bado wako pale pale wanakaribishana, hujapitwa. Kama kimeandikwa kwa ajili ya mawakala.

MzeeWaKiko

Elfu thelathini na tano! Naomba radhi kwa niaba ya Najum. Lakini umeona kwamba kinasomeka.

BintiUkerewe

Haya, uko ukurasa wa ngapi?

Kibanda_Namba_9

Wa 81. Nimepungua kasi tena, ila safari hii si kosa langu. Nilifuata la Mwana_wa_Muttrah, nikawa nasoma kwa sauti mchana, na mama lishe wa kibanda cha pili akasogeza kigoda. Yeye ni wa Bukoba. Tulipofika kwenye pombe ya ndizi akanisimamisha, akasema rubisi haipikwi hivyo. Nikarudia aya. Akasema hata ukirudia, haipikwi hivyo. Tumebishana mpaka maharage yake yakaungua.

Mzee mwenye kitabu anakuja kesho kuchukua pensheni. Mama lishe kasema nimwambie asubiri, ana maswali yake matatu kuhusu hizo ndizi.