Naomba ushauri: kuweka tundu la hewa na feni kwenye paa la trela ya kulala

BabaWawili:
Wadau, habari za jioni. Niko Kahawa West. Nina trela ya mzigo, ile ya boksi iliyofungwa pande zote, futi 12 kwa 6, na nimeigeuza polepole kuwa chumba cha kulala tukienda kambi na familia. Tuko wanne: mimi, mama watoto na watoto wawili. Ndani nimepiga plaiwudi na sponji ya kuzuia baridi, nimeweka kitanda, kabati dogo na betri ya sola. Shida ni hewa. Asubuhi ukuta unatiririka maji, godoro lina unyevu, na mtu anaamka kichwa kizito. Nimenunua feni ya paa ya volti 12 yenye kifuniko cha kufungua, inataka tundu la inchi 14 kwa 14. Paa ni bati jembamba la alumini. Niweke mbele au nyuma? Na nizibe na nini isivuje? Ni ya haraka kidogo, tunasafiri tena wikendi ijayo.

FundiKariobangi:
Kabla ya mbele na nyuma, mbavu za paa, yale mataruma yanayobeba bati, zimepishana inchi ngapi? Kama ni 16 kati kwa kati, feni inakaa katikati ya mbili kama iliyopimiwa hapo. Kama ni 24, zungusha fremu ya mbao kwa ndani, maana bati peke yake halishiki skrubu. Litacheza barabarani na maji yataingia. Toboa pembe nne kutoka ndani kwanza, ndipo upande juu ukate kwa msumeno wa umeme wenye meno madogo ya chuma. Bandika tepu kwenye bati lisikwaruzike, na unga wote wa bati ufagie siku hiyo hiyo. Sasa niambie ukweli, umeshakata au bado?

DerevaWaZamani:
Hii imenikumbusha mbali. Nilikuwa naendesha kanta, lori dogo, ya mkate, boksi lake lilikuwa na kifuniko juu cha kupitisha hewa, na aliyekifunga alielekeza bawaba nyuma. Siku moja nashuka Mai Mahiu alfajiri, ule upepo wa bonde ukaingia chini ya kifuniko. Nilisikia mlio kama wa bunduki. Nilisimama, nikatembea nyuma karibu nusu kilomita na tochi, nikakikuta kwenye mkonge, kimekunjika kama chapati. Mikate ya juu yote ililowa ukungu na mwenye mali akanikata mshahara. Ndugu, bawaba ielekee mbele, upepo ukija ukifunge wenyewe. Na usiendeshe kikiwa wazi, hata kama ni hapo Githurai tu.

KijanaRoysambu:
Trela ya futi 12, kitanda, kabati na sola? Huku kwetu landilodi angeiita bedsita na kudai diposti ya miezi miwili.

MzeeWaUshirika:
Mimi nitauliza swali ambalo vijana hamtaki kuulizwa. Kwa nini watoto walazwe ndani ya sanduku la mizigo wakati wana nyanya yao mashambani? Pesa ya hiyo feni ingenunua mablanketi. Siku hizi mtu anatoka nyumba ya mawe aende kulala porini alipe, halafu anaita mapumziko.

BabaWawili:
Asanteni. Mzee, nimekusikia, ila watoto wanapenda na ni wakati pekee ninaokaa nao bila simu. Fundi, mbavu ni inchi 24. Na ndiyo, nimeshakata, Jumamosi iliyopita. Niligusa ubavu mmoja, kidogo tu. Kwa sasa nimefunika na turubai na kamba. Naona paa bado liko imara, kwa hiyo swali ni la kuziba tu. Nina mirija mitatu ya silikoni nyeupe tayari.

FundiKariobangi:
Kugusa kidogo ni kukata. Ubavu ukikatwa, bati lote la hapo linabonyea, maji yanatuama yakizunguka feni, na hakuna dawa ya kuziba itakayokuokoa. Tafuta vipande viwili vya skwea tyubu, yale mabomba ya chuma ya pembe nne, uvilaze kutoka ubavu mzima wa kushoto hadi wa kulia, kimoja mbele ya tundu na kimoja nyuma, ncha za ubavu uliokatwa zishikwe hapo. Funga kwa bolti. Usiite welda ukiwa na plaiwudi na sponji ndani, utachoma trela yote.

Silikoni rudisha dukani. Leo itaziba, lakini siku ikichoka utapaka mpya juu ya ya zamani na haitashika hata kidogo. Tafuta tepu ya butili, ile laini kama ubani uliotafunwa, uilaze chini ya mdomo wa feni pande zote nne bila kuacha mwanya kwenye pembe. Kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu hadi butili itokeze nje, halafu juu ya kila kichwa cha skrubu paka dawa ya paa inayojitandaza. Waya uwe na fyuzi karibu na betri. Na feni haivuti hewa kusikokuwa na pa kuingilia, weka kijitundu cha chini upande wa pili wa trela.

NesiMstaafu:
BabaWawili, mwenzako hapo amejibu vizuri mambo ya bati. Mimi nimeshikwa na yale maneno yako mawili, "kichwa kizito". Ni nani aliyeamka hivyo? Mlikuwa wapi, na ndani mlikuwa mmewasha nini?

BabaWawili:
Ni uchovu wa safari tu, mama. Unyevu nao unachangia.

NesiMstaafu:
Mwanangu, sijauliza unyevu. Nimeuliza mliwasha nini.

BabaWawili:
Sikutaka kuingia huko kwa sababu watu watatoka kwenye swali. Tulikuwa Nyahururu, wiki mbili zilizopita. Mnajua baridi ya kule, ni zaidi ya mita 2,300, na sasa ni Julai. Tulipika nje kwa jiko la makaa, na makaa yalipokuwa mekundu kabisa, hakuna moshi hata kidogo, tukaliingiza ndani karibu na mlango ili mtoto apate joto. Usiku wa manane nikasikia mlango, nikamkuta mama watoto kwenye nyasi akitapika, hawezi kusimama. Mtoto nilimwita mara kadhaa ndipo akafumbua macho. Nikamtoa nje, baada ya muda akachangamka. Asubuhi tulipita dispensari, wakasema huenda ni chakula. Jiko sikulitaja.

Lakini ndiyo maana nanunua feni! Aliyeniuzia alisema inabadilisha hewa yote ya ndani kwa dakika chache. Nitaiwasha usiku kucha, betri inatosha. Na mimi nimekulia Kinangop, tumelala na jiko ndani miaka yote na sote tuko hai.

NesiMstaafu:
Nitakuandikia pole pole kwa sababu nimewahi kupokea watu wa namna hii wakiwa wameshachelewa. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hatari. Yanatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, haikufanyi ukohoe. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata hewa safi ikiwepo kidogo, mwili hauipati. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anatapika, halafu usingizi. Aliyelala haamki akatafuta mlango. Mkeo aliamka, mshukuruni Mungu kwa hilo.

Jikoni mlimokulia kulikuwa na mwanya kati ya ukuta na mabati, upepo ulipita. Trela yako umeiziba kwa mikono yako, kwa sponji. Na feni ya betri ni ya kutoa mvuke wa pumzi zenu. Betri ikiisha saa tisa usiku, nani atakuamsha? Rudini hospitali na mtoto, mtaje jiko. Msiseme chakula.

KijanaRoysambu:
Nimeacha utani. Jirani yetu wa ploti alifungia jiko ndani mwaka wa mvua nyingi. Tulivunja mlango saa nne asubuhi.

JichoKali:
Samahani, mimi hii hadithi inanisumbua. Mwanzo mko wanne, watoto wawili. Nyahururu kuna "mtoto" mmoja. Wa pili alikuwa wapi? Wewe mwenyewe mbona hukuumwa, na ulikuwa wapi hata "usikie mlango" wa chumba cha futi 12? Tena mbavu za inchi 24 na feni ya inchi 14, hivyo ni vipimo vya trela za Marekani. Za jua kali hapa hupimwa wakati wa kuchomelea. Na nambari ya Z, ile ya usajili wa trela, iko wapi? Nahisi mtu ameokota kisa mtandaoni akakipa jina la Nyahururu.

DerevaWaZamani:
Hata mimi nilishangaa, sponji na plaiwudi na bado paa la alumini? Weka picha.

MzeeWaUshirika:
Nilisema. Vijana na uongo.

BabaWawili:
Picha hii hapa, nambari nimeifunika kwa kidole. Trela niliuziwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao, aliiingiza kwa meli, ndiyo sababu ya vipimo hivyo. Imesajiliwa, ina nambari ya Z kama trela nyingine yoyote. Ndani yake alilala mama watoto na mdogo. Mimi na mkubwa tulilala kwenye gari, kitanda kilikuwa hakitutoshi. Gari lilikuwa hatua tano kutoka hapo. Tulikula chakula kile kile, sufuria moja. Sisi hatukuumwa.

NesiMstaafu:
Soma tena sentensi zako tatu za mwisho.

JichoKali:
Nimeziona. Nakuomba radhi, kaka. Mpeleke mtoto.

BabaWawili:
Nimemsomea mama watoto uzi wote. Amenyamaza kitambo, halafu akaniambia kichwa hakijamwacha tangu siku ile, hakutaka kunivunjia safari. Tunaenda hospitali kesho asubuhi, wote wanne. Wikendi nimeahirisha.

FundiKariobangi:
Vizuri. Ukitoka huko, lete trela Kariobangi, niangalie huo ubavu. Feni utaiweka, ya mvuke. Turubai kaza leo, mawingu yanakuja.

BabaWawili:
Asante, fundi. Jiko lenyewe sitaki kuliona tena. Nimempa mlinzi wa geti jioni hii, alikuwa analalamika baridi.

NesiMstaafu:
Mlinzi analala wapi?

BabaWawili:
Kwenye kibanda cha mabati hapo getini. Kina dirisha dogo, huwa analifunga kwa gunia. Ngoja nishuke.