Kufuma, jiko, kitabu na mazoezi, nyie mnapangaje siku? Tupeane uzoefu

NyuziNaSindano:
Wadau habari za jioni. Leo nilikuwa napanga kabati la mama maana amerudi Lushoto, nikakuta kwenye mfuko kitambaa cha kochi nilichoanza kufuma 2019, sindano ya kroshia bado imechomekwa kwenye kitanzi cha mwisho, imeshika kutu na kutu imeacha doa kwenye uzi mweupe. Nilikaa chini kabisa. Mwaka ule nilikuwa nafuma, namaliza vitabu viwili kwa mwezi, saa kumi na moja alfajiri niko barabarani nakimbia na bado jioni napika chakula cha maana, sio cha kubabaisha. Halafu kimoja kimoja vikaondoka bila kuaga. Kazi ya pili ikaja, mtoto akaja, nikaanza kununua chapati za barabarani na kitabu kikapokonywa nafasi na simu. Sasa nataka kurudi, na nataka vyote vinne. Mnaofanya hivi niambieni ukweli, siku yenu inaendaje? Na ni lini vilikushindeni?

MamaWawili:
Hicho kitambaa usikifumue. Nakuomba.

KitabuNaChai:
Dada umenigusa. Mimi siri yangu ni maharage. Nayaloweka usiku, asubuhi namwaga yale maji, jioni nikirudi nabandika na kuanzia hapo sitoki jikoni, navuta kigoda nasoma mpaka yaive. Chumvi na nyanya naweka yakishalainika kabisa, ukitangulia kuweka nyanya yanakaa magumu utakesha. Ile saa moja na kitu ya kuchemka ndio saa yangu ya kusoma, hakuna anayeniita kwa sababu wanaona niko jikoni "nafanya kazi". Kwa mtindo huo nimesoma vitabu vingi kuliko nilipokuwa chuo.

Bi Ukili:
Mie bibi yangu alikuwa Makunduchi, hakuwa na saa ya kazi za mkono wala saa ya mazoezi, alikuwa anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, huku anatembea. Miyaa iko kwapani, ukili unaning'inia mbele, vidole vinakwenda vyenyewe hata hatazami, anatoka kwake mpaka kwa dada yake na kurudi keshaongeza pima nzima. Na njiani anasalimia kila baraza. Nilikuwa mtoto nafuata nyuma naokota miyaa inayomdondoka. Leo mie nikikaa nisuke mgongo unauma nusu saa tu, nafikiri tatizo ni huko kukaa.

Mkimbiaji wa Alfajiri:
Kutembea kwenda kwa dada sio mazoezi wakuu, tusidanganyane. Mazoezi ni jasho. Amka saa kumi na nusu, vaa raba, kimbia. Ukisubiri jioni hutafanya, jioni ina watu na majukumu. Mimi napita daraja la Tanzanite kwenda na kurudi kila asubuhi tangu lilipofunguliwa 2022, ni kilomita moja na kidogo tu lakini ule upepo wa baharini unakusukuma nyuma kama mtu.

SindanoYaDripu:
Kaka hapo nakupinga kwa heshima, mimi ni muuguzi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kutembea kwa kasi kumo, kazi za nyumbani zimo, kulima kumo. Na mwongozo wao wa 2020 uliondoa hata lile sharti la dakika kumi mfululizo, kila kidogo kinahesabiwa. Wale kina mama wanaoambiwa hawafanyi mazoezi wakati wanapanda kilima na ndoo kichwani wanakata tamaa bure.

Mkimbiaji wa Alfajiri:
Sawa dada, lakini kufagia uwanja hakujawahi kunipunguzia tumbo.

SindanoYaDripu:
Nimesema uhai na moyo, sijasema tumbo.

MchanganyaRangi:
Hapo aliposema anasoma maharage yakichemka moyo umenidunda. Niruhusuni niandike ndefu.

Nafanya batiki nyumbani, Morogoro. Ilikuwa Jumamosi ya mvua, majiko yote nikayaingiza varandani, moja lina sufuria ya nta na lingine lina maharage. Nta yetu tunachanganya ya mishumaa na ya nyuki kidogo ili isivunjike ovyo kwenye kitambaa, inatakiwa iyeyuke pole pole, ikizidi moto inakuwa hatari. Najua hilo miaka yote. Sasa nilikuwa nimeazima riwaya kwa jirani, zimebaki kurasa kama arobaini na kesho yake anaitaka, nikajiambia nasoma ukurasa mmoja tu wakati nta inayeyuka. Sikusikia mvua, sikusikia maharage. Kilichonitoa ni harufu, kama ya mshumaa uliozimwa lakini nzito inakaba koo, nikainua macho nikaona moshi mweupe unapanda kutoka kwenye nta na kabla sijasimama moto ukaruka juu yake wenyewe, hakuna kiberiti hakuna nini.

Mwanangu wa miaka tisa alikuwa pembeni ya ndoo ya maji ya mvua. Akaiinua. Yeye anaona moto, anajua moto unazimwa kwa maji, nani amlaumu? Jamani nta au mafuta yakiwaka ukimwagia maji, yale maji yanazama yanageuka mvuke mara moja na kuirusha ile nta inayowaka kila upande, usoni, kwenye nguo, kwenye dari. Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Ndoo ikamdondoka miguuni. Nikashika sinia la kuchambulia mchele nikalifunika juu ya sufuria lote, nikalishikilia na kanga iliyolowa mpaka moto ukakosa hewa ukafa. Yote haikufika dakika moja.

Sinia ninalo mpaka leo, lina duara jeusi katikati, nachambulia mchele juu yake na kila siku naliona. Mtoto hakupata hata lengelenge. Mimi nyusi ziliungua zikaota tena. Riwaya ilipata matone ya nta kurasa za mwisho, nikamrudishia jirani huku nalia, akaniambia kaa nayo tu.

Tangu hapo sufuria ya nta naikalisha ndani ya sufuria kubwa yenye maji, haigusi moto moja kwa moja, na nikiwa na nta sishiki kitabu. Sijaacha kusoma. Nimeacha kusoma PALE.

MamaWawili:
Nimesoma nimesimama. Mungu ashukuriwe kwa huyo mtoto.

Kijana wa Kigamboni:
Ndio maana nasema mkaa uachwe. Nunua gesi.

MchanganyaRangi:
Kaka gesi ingewaka vile vile, nta haiulizi moto umetoka wapi.

Baba Mlezi:
Mimi nitasema wazi hata kama mtakasirika, mtoto wa miaka tisa karibu na majiko mawili na mama ana riwaya mkononi ni uzembe.

Bi Ukili:
Baba wee, na baba wa huyo mtoto alikuwa wapi Jumamosi hiyo ya mvua? Mbona yeye hakuulizwa? Mwenzio kakuletea lililomuuma ili wewe lisikukute, unamrudishia jiwe.

Baba Mlezi:
Sijamtukana. Niliunguliwa na mdogo wangu kwa mafuta ya maandazi tukiwa wadogo, ndio maana naongea hivi. Lile kovu liko shingoni kwake hadi leo na nani aliyekuwa anamwangalia siku ile? Mimi.

MchanganyaRangi:
Pole sana kaka yangu. Nimekuelewa.

SindanoYaDripu:
Kwa faida ya wote, mtu akiungua weka maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka, dakika 20, sio barafu, sio dawa ya meno, sio siagi, sio yai. Halafu hospitali.

NyuziNaSindano:
Asanteni, nimetetemeka. Lakini turudi kwenye siku zenu. Kuna mwanaume humu anayefanya kazi ya mkono?

Kofia Lamu:
Nipo. Nashona kofia za vito. Kazi yenyewe ni kitambaa cheupe tabaka mbili, unachora ua kwa penseli kisha unatoboa vitundu na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, kofia nzuri inakula miezi. Macho hayawezi zaidi ya saa mbili kwa siku kwa hiyo nashona baada ya alasiri nuru ikiwa nzuri, na usiku ndio nasoma, kwa sababu herufi ni kubwa kuliko kitundu hata kwa taa.

Kijana wa Kigamboni:
Kushona si kazi za dada zetu hizo mkuu?

Kofia Lamu:
Kofia uliyovaa Idi iliyopita ilishonwa na nani, unajua?

Kijana wa Kigamboni:
Kweli sijui. Nisamehe.

MpishiWaJumapili:
Dada mwenye mada, ushauri wangu ni pika mara moja. Jumapili nachemsha maharage ya wiki, nagawa kwenye vibakuli naweka kwenye friza, jioni natoa natia nazi basi. Hapo umeokoa saa nzima kila siku, fuma.

KitabuNaChai:
Hapana, hapo unamuibia ile saa ya kusoma! Na umeme ukikatika siku mbili unamwaga wiki nzima. Pika kila siku, kidogo.

Mama wa Muscat:
Huku Oman kiangazi hutoki nje mchana, tunatembea pwani ya Mutrah usiku saa nne, watoto wamelala. Mchana wote niko ndani, hapo ndipo nashona na kusoma. Jua ndilo limenipangia ratiba.

Bi Ukili:
Na tui, kuna anayekuna bado? Mkono wangu mmoja una nguvu kwa sababu ya mbuzi tu.

MpishiWaJumapili:
La pakiti linatosha.

Bi Ukili:
Halitoshi. La pakiti halina la kwanza wala la pili. Mchuzi wa pweza unataka uchemkie tui la pili, zito umalizie mwishoni moto mdogo, ndipo linashika.

Mkimbiaji wa Alfajiri:
Dada NyuziNaSindano nimefikiria tangu asubuhi. Nilisema saa kumi na nusu, nafuta. Wewe una mtoto mdogo. Lala. Tembea naye mgongoni jioni ukienda sokoni, inatosha kwa sasa, mbio zitakungoja. Mke wangu ndiye kaniambia nirudi kuandika hivi.

MamaWawili:
Na lile doa la kutu, kamulia limau, nyunyizia chumvi, anika juani, rudia. Mama yangu aliokoa vitambaa vya harusi hivyo. Usiweke jiki, jiki inaligandisha.

NyuziNaSindano:
Nimeanika tangu juzi, limefifia limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Sindano mpya nimepata. Jana usiku nimefuma mistari mitatu mtoto yuko mapajani amelala, vidole vilikuwa vinajikwaa kwanza, mstari wa tatu vikakumbuka. Kitabu bado, ila nimekiweka jikoni juu ya kopo la sukari, mbali na moto MchanganyaRangi usiwe na wasiwasi. Shida sasa ni uzi. Uzi ule wa 2019 ulikuwa mwembamba una mng'ao, nimezunguka maduka matatu Kariakoo naambiwa hauji tena, na vimebaki vitambaa viwili seti itimie.

Kofia Lamu:
Karatasi ya ule uzi unayo? Nisomee namba.