Mguu unauma na mshipa bado haujapimwa: tupeane uzoefu

Mwalimu wa Ahero

Hamjambo wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 49 na kisukari tangu 2016. Kutoka steji hadi lango la shule napita kando ya mashamba ya mpunga, njia tambarare kabisa. Mwaka juzi nilikuwa naimaliza kwa mkupuo mmoja huku nikisalimiana na wazazi. Sasa nasimama mara tatu. Shavu la mguu wa kushoto linakaza kama kamba iliyobeba ndoo, linauma mpaka machozi yananilenga. Nikisimama dakika mbili tatu linaachia. Nikianza tena, hatua zile zile, linakaza tena.

Nimezunguka na mguu huu miezi 14. Kwanza niliambiwa ni baridi yabisi. Nikapigwa eksrei ya goti, goti likaonekana zima. Zikaja sindano za vitamini, kisha vidonge vya maumivu vilivyonichoma tumbo hadi nikaviacha. Mahali pamoja nilishauriwa nipunguze mawazo. Hilo liliniuma kuliko mguu, maana nilitoka pale nikijiuliza kama kweli haya maumivu nayatunga mwenyewe. Shuleni nako kuna minong'ono kwamba nakwepa zamu.

Mwezi uliopita tabibu mmoja kijana alinivua kiatu. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyekuwa amenivua kiatu! Akaweka vidole viwili juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa, akatafuta mapigo ya damu. Mguu wa kulia akayapata. Wa kushoto alitafuta muda mrefu akiwa kimya, kisha akaniandikia Dopla ya mishipa, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha damu inavyopita. Tarehe yangu bado wiki tatu.

Nyinyi mlio kwenye hali kama hii, au mliopitia, mnaishije mkingoja? Usiku? Kazini? Nyumbani mnasema nini?

Binti wa Molo

Pole sana, Mwalimu. Ulivyoeleza ndivyo baba yangu alivyokuwa: anatembea, anasimama, anajifanya anaangalia viazi vya jirani. Tulidhani ni uzee. Alivuta sigara tangu ujana na presha ilikuwa juu.

Kilichomsaidia ni kipimo ambacho hata hakikuchukua muda. Walimpima presha ya mkono, kisha presha ya kifundo cha mguu, wakagawanya. Mkono ulikuwa 150, kifundo 80. Ukigawanya 80 kwa 150 unapata kama 0.53. Daktari alituambia chini ya 0.9 ni dalili kwamba ateri ya mguu, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, imebana, damu haifiki vya kutosha. Uliza kama watakupima hivyo wakati unangoja Dopla. Ila kwa mwenye kisukari mishipa huweza kuwa migumu, namba ikatoka nzuri kumbe si nzuri, kwa hiyo Dopla usiiache.

Jambo jingine nakuomba kama dada: usipashe miguu moto. Molo ni baridi, na baba alikuwa akiweka nyayo karibu na jiko kwa sababu zilikuwa kama barafu. Aliungua bila kuhisi. Kile kidonda kilitutesa miezi saba. Soksi za pamba tu, na uangalie nyayo zako kila jioni, hata katikati ya vidole.

Mama Pacha, Kakamega

Mimi yangu ilikuwa vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, si ateri. Baada ya kujifungua mguu wa kushoto ulivimba kuanzia paja, ukawa mzito na wa moto. Mama mkwe alinikanda kwa maji moto na mafuta, kwa upendo kabisa, kama wanavyokandwa wazazi wote kwetu. Siku ya tano nikaanza kukosa pumzi nikipanda ngazi mbili tu. Kumbe damu ilikuwa imeganda mguuni na kipande kimeenda kwenye mapafu.

Kwa hiyo nasema kwa herufi kubwa: KUNGOJA KUNA MPAKA. Mguu mmoja ukivimba ghafla, au pumzi ikakata, au kifua kikachoma, hiyo si ya kungoja tarehe. Nenda siku hiyo hiyo, hata usiku. Na usikandwe.

Nilitumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, miezi sita, nikipimwa damu mara kwa mara. Nilidhani nitakatazwa mboga, nikalia, maana mimi na kunde hatuachani. Waliniambia nile, lakini kiasi kile kile kila wiki, nisiruke kutoka sufuria nzima hadi sifuri. Mpaka leo mguu hujaa jioni, nauinua juu ya mito miwili.

Msusi, Nyalenda

Wangu ni mkono. Nikiinua mikono kusuka, baada ya dakika kumi vidole vya kulia vinakuwa vyeupe na baridi, kisha ganzi. Nikishusha, rangi inarudi. Wateja wanafikiri nimechoka. Siku hizi nawakalisha kwenye kigoda kifupi ili mikono isipande juu ya mabega. Bado sijapata jibu. Niliupiga picha mkono ukiwa mweupe kwa simu ya mteja, na daktari alipoiona ndipo akanisikiliza.

Bodaboda, Free Area

Mimi nina miaka 34. Maumivu yangu ni ya usiku. Vidole vya mguu wa kushoto vinawaka moto, nalala nimeuning'iniza nje ya kitanda, ndipo unatulia kidogo. Mama alisema nimekanyaga kitu, tukapoteza miezi kwa mzee fulani. Sasa daktari anashuku ugonjwa wa vijana wavuta sigara, unaoziba mishipa midogo. Amesema hata sigara moja kwa siku inauendeleza. Nina siku 41 bila kuvuta. Naandika ukutani kwa chaki.

Shida ni kidole cha pili. Ndicho kinachogusa gia. Kina kidonda tangu wiki jana, na pembeni pameanza kuwa peusi. Tarehe yangu ya rufaa ni mwezi ujao.

Binti wa Molo

Kaka, peusi hapangoji mwezi ujao. Baba alipoteza vidole viwili kwa kungoja hivyo hivyo. Tafadhali.

Mwalimu wa Ahero

Msusi, la picha umenifungua macho. Mimi leo nimehesabu: hatua 210 ndipo linakaza, dakika mbili na nusu ndipo linaachia. Nimeandika kwenye daftari la maandalio, na mtu asiniambie tena nipunguze mawazo. Nauli na pesa ya Dopla chama kimenikopesha.

Lakini yangu inaweza kungoja. Kijana wa Free Area, wewe ni rika la wanafunzi wangu wa kwanza. Kidole hicho kionwe kesho. Ukifika, usianze na habari za tarehe ya rufaa, vua kiatu kwanza waone. Nani atakusindikiza?

Bodaboda, Free Area

Mke wangu amesoma haya yote hapa pembeni yangu. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Pikipiki nimemwachia mwenzangu.