Kupiga kambi kando ya mto milimani wakati wa kiangazi: tupeane uzoefu

Mzee wa Msolwa

Wakuu, kiangazi ndicho hiki, Juni mpaka Oktoba, na watu wameanza kuulizana mahema yanauzwa wapi. Uzi huu ni wa wanaolala kando ya mito ya milimani: Udzungwa upande wa Mang'ula, Uluguru, Usambara, na jirani zetu wa Mlima Kenya. Ombi langu ni moja: zile simulizi za "siku hiyo tulikoma" tuziweke kando. Leta kitu ambacho mtu anaweza kukitumia: kipimo, hatua, kosa na sababu yake.

Naanza na pa kusimamisha hema, maana hapo ndipo wengi wanapokosea kabla hata ya kufungua begi. Mgeni akifika mtoni anatafuta mchanga safi, tambarare, hatua tano kutoka majini. Sasa huo mchanga nani kauleta pale? Mto wenyewe, na siku ukijaa utaurudia. Tazama vichaka na mizizi ya ukingoni: utakuta majani makavu, vijiti na nyasi vimenasa kama kiota kilichovurugika, vyote vimelalia upande mmoja. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Hema lako liwe juu ya alama hiyo kwa kimo cha mtu, na hatua 70 au 80 kutoka ukingoni.

"Lakini si ni kiangazi?" Ndiyo, ila upande wa mashariki wa Udzungwa, ule unaotazama bonde la Kilombero, hunyeshewa hata miezi ambayo Iringa ni vumbi tupu. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukigonga ule ukuta wa mlima unapanda, unapoa, unamwaga. Kilele cha Luhombero kina mita 2,576, na Mang'ula iko kwenye mita 300 hivi. Kwa hiyo mvua inaweza kupiga huko juu saa tisa alasiri, wewe huku chini unaanika taulo. Maji yake utayaona baadaye.

Dada wa Kidatu

Mzee umegusa penyewe. Naongeza kijiti.

Chukua fimbo yenye urefu wa mkono, uikate alama kila baada ya vidole vinne, uichomeke ukingoni mahali ambapo maji yametulia, nyuma ya jiwe, mkondo usiitikise. Isome ukifika, isome kabla ya kupika, isome na tochi kabla ya kulala. Maji yakipanda alama moja wakati kambini hakuna hata wingu, kusanya vitu uhamie juu taratibu. Yakipanda mbili, acha utaratibu.

Dalili nyingine: maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Majani yanayoelea ni ya kijani na yamechanika (makavu ni kazi ya upepo tu, yasikutie hofu). Sauti ya mto inakuwa nzito. Na ukisikia mawe yanagongana chini ya maji, sufuria ziache, wewe panda.

Kuna moja ambayo watu huifurahia kimakosa: mto kupungua ghafla. Mara nyingine maana yake gogo na takataka zimeziba huko juu, na kizibo hicho kikiachia, maji yote yanashuka kwa mpigo mmoja. Huo si wakati wa kwenda kuoga.

Kijana wa Ilala

Wakuu, naomba kuuliza. Hifadhini unalala popote unapopapenda? Na gari dogo linafika?

Mzee wa Msolwa

Hapana, kijana wangu. Hifadhi ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992, haina barabara ndani. Ni ya kutembea kwa miguu. Maeneo ya kambi yametengwa, na yanayofikika kirahisi yako karibu na makao makuu ya hifadhi pale Mang'ula, kandokando ya barabara ya Mikumi kwenda Ifakara, kilomita 60 na ushee kutoka Mikumi mjini. Malipo si ya fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi, hivyo weka salio kabla hujafika, usitegemee mtandao wa getini. Njia ya maporomoko ya Sanje, mita 170, ni ya siku moja na mnaongozana na mwongoza wageni. Ile ya Mwanihana ni siku tatu, mnalala porini mara mbili, na askari wa hifadhi mwenye silaha anaenda nanyi kwa sababu ya tembo na nyati.

Fundi Hema

Mimi nizungumzie hema lenyewe, kwa kuwa kila mwaka narudishiwa mahema "yanayovuja" ambayo hayavuji.

Kwanza, turubai la kutandika chini. Likitokeza nje ya sakafu ya hema hata kwa upana wa kiganja, linakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mgongo wako. Likunje kingo kwa ndani, liwe dogo kuliko sakafu pande zote nne.

Pili, vigingi. Kwenye udongo mgumu kigingi kinalazwa, kichwa kikiegemea mbali na hema, nyuzi 45 hivi, kisha kigongwe mpaka ndoano iguse ardhi. Kwenye kichanga cha mtoni kigingi ni pambo tu. Chimba shimo la sentimeta 30, zungushia kamba kwenye kijiti kinene kama mpini wa jembe, kilaze kikiwa kimekingama na mvuto wa kamba, fukia, kanyaga. Au jaza mchanga kwenye kipande cha kiroba, ukifunge na ukizike vilevile.

Tatu, unyevu wa asubuhi. Kando ya mto hewa ina maji tayari. Usiku hewa baridi inateremka na kutuama bondeni. Halafu mko wawili ndani mnapumua mpaka kunakucha. Mvuke ukikutana na kitambaa baridi unakuwa matone. Njia ya kupima: pangusa sehemu moja kwa kitambaa kikavu usiku ambao hakuna mvua. Ikilowa tena, hiyo ni pumzi yako. Dawa yake ni kufungua matundu ya juu na kuacha zipu ya mlango wa nje wazi robo, chandarua cha ndani kikiwa kimefungwa. Watu wanafanya kinyume: wakiona baridi wanaziba kila kitu, halafu wanalala kwenye mvuke.

Mama Kambi

Jikoni niachieni mimi.

Mtungi wa kilo 6 wenye jiko lake juu unatosha sana ukiwa na gari. Kabla ya kuondoka upime kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, karibu na mshikio. Toa hesabu, kinachobaki ni gesi. Kundi la watu wanne kwa siku mbili, chai mara mbili na milo miwili kwa siku, panga kilo moja. Ukikuta imebaki nusu kilo, badilisha mtungi, usijidanganye. Ukishafunga jiko, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, fungua, angalia mpira, funga upya.

Upepo wa bondeni mchana hupanda, usiku huteremka. Weka mawe upande unaotoka upepo, lakini usiuzungushie mtungi wote, kwa kuwa joto likirudi kwenye chuma ni hatari.

Kuni msahau. Hifadhini hapo tangu 2011 hata wanakijiji wamezuiwa kuokota, sembuse mgeni. Na jiko la mkaa, jamani, LISIINGIE ndani ya hema, hata kama moto umebaki makaa tu, hata kama mtoto anatetemeka. Ile hewa ya sumu haina harufu wala moshi. Mtu anasinzia, basi. Kuacha mlango wazi kidogo hakuitoi.

Chakula: kilo ya unga inashibisha watu wanne mpaka watano waliotembea. Dagaa wachambue na kuwakaanga nyumbani mpaka wakauke. Kambini ni nyanya na kitunguu tu, dakika kumi. Maharage ya kuchemshwa nyumbani kwa joto la Mang'ula yanakaa siku moja. Ya pili yanatoa povu. Yagandishe kwanza, yawe ndiyo barafu ya kisanduku chako.

Dada wa Kidatu

Mama Kambi, na maji ya kunywa? Wengi wanaona mto wa mlimani unang'aa wanakinga mkono.

Mama Kambi

Kung'aa si usafi, kuna nyani huko juu. Yakiwa na tope, yachuje kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, uyaache yatulie. Kisha yachemshe: yakishatokota kwa nguvu hesabu dakika moja, ukiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu. Vidonge vya klorini vya miligramu 67 ni kimoja kwa lita 20, koroga, subiri nusu saa. Usiweke kidonge kizima kwenye chupa ya lita moja halafu ulalamike harufu. Soma paketi yako, maana vipo vya ukubwa tofauti.

Kuosha vyombo na kuoga kwa sabuni ni mbali na mto, kwa ndoo, maji machafu yamwagwe kwenye udongo. Choo kama hakipo, shimo la kina cha kiganja kizima pamoja na vidole, umbali uleule wa hema la Mzee.

Fundi Hema

Kuhusu kuoga: mkondo wa kasi na baridi hauna shida kubwa ya kichocho. Madimbwi yaliyotuama karibu na vijiji, yenye konokono na majani, hayo yaache.

Mkwezi 77

Wanyama hamjawataja. Tembo kwanza: usisimamishe hema kwenye kijia kinachoshuka mtoni. Kijia cha tembo ni kipana, udongo wake umeshindiliwa, na matawi yamevunjwa juu ya kichwa cha mtu. Mto unapiga kelele, hutamsikia akija, na yeye hakusikii pia.

Nyani wanajua zipu. Wanajua pia kwamba ikikataa, kitambaa kinachanika. Ndani ya hema pasiwe na chakula, hata dawa ya meno. Funga ndani ya gari au kwenye tranki la bati lenye kufuli. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko wanaiviringisha mpaka ifunguke.

Siafu: mwagia jivu kuzunguka hema.

Mzee wa Msolwa

Mkwezi, hapo kwenye jivu napinga. Jivu linawageuza kwa muda; umande ukilowanisha, wanapita. Kinachosaidia ni kuukagua uwanja kwa tochi kabla ya kulala, hasa baada ya mvua. Ukiona mstari wao, wewe ndiye unayehama, mita 20 hivi, pembeni ya uelekeo wao. Wao wakipata cha kula watasambaa, kwa hiyo mabaki ya dagaa yasiwe nje. Na usikanyage mstari ukiwa na ndala.

Mkwezi 77

Basi jivu liwe nyongeza 😄

Mwendo wa Chogoria

Hamjambo majirani. Upande wetu wa Mlima Kenya, njia ya Chogoria, mambo ni tofauti kwa sababu ya urefu. Geti liko karibu mita 2,950, na kambi ya mwisho wa barabara, kando ya kijito cha Nithi, iko kwenye mita 3,300 hivi. Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai mpaka Septemba. Ile barabara ya msituni ikinyeshewa, hata gari la magurudumu manne linahitaji minyororo.

Huku maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, si 100. Ndiyo maana maharage mabichi utayachemsha mpaka gesi iishe na bado yatakuwa mawe, na githeri ni hivyohivyo. Beba yaliyoiva tayari. Mchele uloweke nusu saa kwanza, funika sufuria, weka jiwe juu ya mfuniko.

Gesi ya kopo dogo: ile ya butane tupu inagoma ikikaribia nyuzi 0, na usiku huku inashuka chini ya hapo. Nunua yenye mchanganyiko wa propane, na ulale na kopo ndani ya begi la kulalia ili asubuhi liwake.

Baridi inakuja kutoka chini zaidi ya juu. Blanketi la tatu halisaidii kama umelalia mkeka mmoja mwembamba. Weka sponji mbili chini kabla ya kuongeza cha kujifunika. Chupa ya chuma yenye maji moto, ndani ya soksi, iweke mapajani badala ya miguuni.

Kutoka Nairobi, mita 1,700 hivi, usilale mita 3,300 siku hiyohiyo. Lala getini usiku wa kwanza. Kichwa kikiuma na chakula kikikataa, usipande zaidi. Ikiongezeka, shuka hata kama ni usiku. Moto wa kuni hauruhusiwi, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziingii hifadhini.

Kijana wa Ilala

Shukrani sana. Kwa Mang'ula nibebe begi zito la kulalia?

Dada wa Kidatu

Hapana, utalowa jasho. Shuka nzito na fulana ya mikono mirefu vinatosha pale chini. La wastani beba kama mnapanda Mwanihana. Ila chandarua cha hema kikague tundu kwa tundu, maana bonde la Kilombero malaria ipo mwaka mzima. Kuanzia saa kumi na mbili jioni jipake dawa, vifundo vya miguu kwanza.

Fundi Hema

Na mkirudi: hema likunjwe likiwa kavu. Kama mmeondoka alfajiri limelowa, lifungueni nyumbani siku hiyohiyo, lianikwe kivulini siku nzima, mishono igeuzwe nje, mchanga ukung'utwe kwenye meno ya zipu kwa mswaki mkavu. Likikaa na maji kwenye mfuko siku tatu linaota ukungu, gundi ya mishono inabanduka, na hapo sasa ndipo litavuja kweli.