Mwalimu amecheka kwa kisa changu mpaka akashika meza, halafu kanipa 38!

Wakuu, mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa Kifaransa, anayetembea na kalamu nyekundu mbili, moja ya akiba isije wino ukamwishia katikati ya insha ya mtu.

Leo mtihani wa kuzungumza. Nikamsimulia kisa cha babu anayesaka miwani nyumba nzima kumbe kaivaa. Akacheka. Si kutabasamu, KUCHEKA, mpaka akashika meza. Akaniuliza babu aligunduaje, nikamjibu, akacheka tena. Halafu ghafla macho makavu, akainamia karatasi: 38 kwa 100.

Kosa langu? Nimesema "la problème" badala ya "le problème", yaani neno "tatizo" ambalo kwao ni la kiume nimelifanya la kike. Na kisa chenyewe kimejaa matatizo, kwa hiyo kila nikilitaja, maksi inaondoka. Kosa moja linanyongwa mara ishirini! Karatasi yake ina kisanduku cha sarufi, cha matamshi na cha nidhamu. Cha kueleweka hakuna. Sasa kama hakuelewa, alichekea nini? Mate yalimruka jamani!

Mtoro wa Vipindi: Labda alichekea Kifaransa chako.

Bi Nukta: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

Mleta uzi: Aliniuliza SWALI, mkuu. Soma kwanza. Alicheka!

Ngazi B2: Mwongozo wa Baraza la Ulaya wa 2001, ule wa ngazi za kujua lugha, A1 ya chini hadi C2 ya juu, unaangalia mtu anaweza kufanya nini kwa lugha. Kisa kikieleweka, hiyo nayo inahesabika.

Mtoro wa Vipindi: Huyu naye kaja na semina.

Kiraka: Nyie mnadeka. Wa kwangu wa Kijerumani anajumlisha kila jaribio tangu tukiwa hatujui hata salamu, kisha anagawanya. Leo naongea vizuri tu, ila sifuri ya wiki ya kwanza imening'ang'ania kama kupe.

Bi Nukta: Afadhali yenu. Wetu anatoa maksi 10 za kujalidi daftari. Kuna mtu darasani hajui kuhesabu mpaka kumi kwa Kihispania, kanipita kwa jalada.

Kiraka: Jalada la kaki au nailoni?

Bi Nukta: Nailoni. Kaki unakatwa 2.

Mtoro wa Vipindi: Nailoni ukiibandika vibaya inaingia mapovu.

Mleta uzi: Samahani, tulikuwa kwenye 38 yangu...

Kiraka: Bi Nukta, weka picha basi tuone unavyokunja pembe.