Wenye mgonjwa wa kisukari nyumbani, mahindi mabichi mnayapikaje? Tupeane uzoefu

Mama wa Uyole: Wakuu, leo nimepita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya nikakuta mahindi mabichi yamejaa, nikasimama kabisa. Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa 4, na siku hizi hataki kuyagusa, anasema ni sukari tupu. Mtu aliyekulia Rungwe! Mimi nachemsha na maganda yake ya ndani, maji na chumvi kidogo, sukari siweki. Nimpe au nisimpe?

Mhehe wa Ilula: Kamwene dada. Mpe. Mzee wangu anakula hindi moja, na mlo huo ugali haugusi. Mwanzo tulikuwa tunampa mahindi saa kumi, ugali saa mbili usiku, halafu tunashangaa kipimo cha asubuhi. Chagua machanga, ukibonyeza punje kwa ukucha itoe maziwa.

Mkulima wa Vinyungu: Na yapikwe siku ileile ya kuvunwa. Yakilala sokoni siku mbili tatu utamu unageuka wanga, ndiyo maana watu wa mjini wanatia sukari kwenye sufuria.

Binti Makambako: Mada hii imenigusa pabaya. Baba anachoma insulini, sindano ya kushusha sukari. Aprili iliyopita nilivunja mahindi shambani, nikainjika kwenye mkaa, nikamwambia nusu saa tu tunakula. Akajichoma sindano yake, akakaa barazani kusubiri. Kumbe mahindi yalishakomaa. Nusu saa, bado. Saa nzima, magumu vilevile. Mvua ikashuka, mkaa ukalowa, mimi nahangaika na jiko, baba kimya. Kumtazama, shati limelowa jasho, na kwa baridi ya kwetu ile nani anatoka jasho? Namwita, "Baba!" Ananijibu, "Shikamoo." Baba yangu mzazi ananiamkia mimi! Mikono inatetemeka. Kimashine cha kupima sukari kikasoma 2.6, chini mno. Nikakimbilia kopo la sukari: tupu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiondoa nyumba nzima, nikaigawa kwa majirani, nikajua nimemlinda. Nilitoka pekupeku kwenye mvua hadi kwa mama jirani. Tukakoroga vijiko vitatu kwenye maji, akanywa kidogo kidogo. Baada ya robo saa, 4.3. Ndipo akauliza, "Mahindi yameiva?" Nililia mpaka mama jirani akanishika.

Fundi wa Soweto: Dah. Pole sana.

Mama wa Uyole: Hiyo shikamoo imenitoa machozi. Pole mdogo wangu.

Mjukuu wa Tukuyu: Pole. Siku nyingine tia magadi, yanalainika upesi. Na maji ya ndevu za mahindi mpe anywe, bibi yangu aliyanywa mpaka akaacha vidonge.

Mhehe wa Ilula: Magadi hapana, yana sodiamu kama chumvi, na wagonjwa wengi wa kisukari wana presha pia. Na hilo la vidonge, ndugu yangu, liondoe.

Mjukuu wa Tukuyu: Sijamwambia mtu aache dawa. Nimesema bibi aliacha.

Mhehe wa Ilula: Mwenye mgonjwa akisoma atalichukua hivyohivyo!

Fundi wa Soweto: Jamani taratibu. Mbeya tuko karibu mita 1,700, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, lazima vichelewe kuiva. Funika sufuria vizuri, weka na jiwe juu.

Nesi Mstaafu: Insulini ya mlo: chakula kiive kwanza, ndipo sindano. Sukari nyumbani isikosekane. Kipimo kikiwa chini ya 4, mpe kitu kitamu, pima tena baada ya dakika 15. Akizimia usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali. Hindi lisilotiwa sukari bado lina wanga, kwa hiyo mama wa Uyole, pima kabla ya kula na saa 2 baadaye, utajua mwili wa mama unalipokeaje. Ukilipika na maharage, sukari haipandi kwa kasi.

Mkulima wa Vinyungu: Kweli kabisa, maharage.

Mama wa Uyole: Asante nesi. Nimepukuchua hindi moja la mama, liko jikoni na maharage mabichi, karoti na kitunguu. Kabla ya kula amesoma 6.9. Anauliza mbona sahani yake ndogo.

Binti Makambako: Dada, sukari ipo karibu?

Mama wa Uyole: Ipo. Kopo la bluu, juu ya kabati. Watoto wote nimewaonyesha.