Kibali kina lita, mto hauna: huu mgawo wa maji Usangu ni wizi wenye muhuri

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Usiku wa kuamkia jana nimekesha kwenye banio, pale maji ya mto yanapochepushwa kuingia mfereji wetu wa mpunga, na vijana wawili, tope magotini. Ilikuwa zamu yetu sisi wa mwisho wa mfereji. Mto wetu ni mmojawapo wa ile inayoshuka milimani kuingia bonde la Usangu, kule Mbeya, na kuulisha Ruaha Mkuu. Saa mbili usiku nilichomeka kijiti majini, kikalowa shibiri nzima. Saa nane kijiti kile kile kimesimama kwenye tope. Tukapanda juu kuangalia: geti la skimu ya umwagiliaji ya juu limeachiwa lote, na mto wenyewe umezibwa kwa viroba vya mchanga, huku chini panachuruzika kama mkojo wa mtoto. Mlinzi wala hakushtuka. "Mzee, sisi tuna kibali cha kutumia maji. Ninyi mnacho?"

Hatuna. Mfereji wetu ulichimbwa na baba zetu kwa majembe, na zamu zake zilijulikana: fulani asubuhi, fulani usiku, msimu wa ukame kila mtu anapunguziwa. Haikuandikwa popote. Leo sisi ndio wezi.

Sasa hiyo sheria yenyewe inasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ni ya umma, Rais ameyashika kwa dhamana. Kwanza maji ya binadamu kunywa na kupikia, pili akiba ya kuufanya mto uendelee kuwa mto, ndipo kilimo, umeme na mengineyo. Na maji ya nyumbani hayahitaji kibali. Imeandikwa vizuri mno! Njoo Oktoba uone wake zetu wanavyochimba mchanga katikati ya mto kwa kata, ndoo moja inajaa kwa nusu saa, na kilomita chache juu majaruba yanang'aa maji.

Ugonjwa uko kwenye kibali. Kinaandikwa kwa lita kwa sekunde, kana kwamba mto wa Machi na mto wa Oktoba ni mmoja. Tuseme una kibali cha lita 300. Masika hizo ni tone tu. Kiangazi mto mzima haufiki lita 300, kwa hiyo wewe uliye juu unabeba wote na bado uko ndani ya sheria! Akishalipa ada ya mwaka mtu anaona kanunua mto. Bodi ya bonde, ile ya serikali inayosimamia maji ya mito na kutoa vibali, ina uwezo wa kupunguza vibali maji yakipungua, lakini nani aje saa nane za usiku kupima? Nilikwenda ofisi moja kulalamika, siitaji. Nikaambiwa niandike barua kupitia jumuiya ya watumia maji. Na hiyo jumuiya viongozi wake ni nani? Ni wenye mashamba ya juu, hao hao.

Halafu Ruaha Mkuu ukikauka lawama zinatafutiwa mtu. Unakauka kiangazi tangu 1993, na mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi ifikapo 2010 utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaswagwa na ng'ombe wao kutoka kinamasi cha Ihefu, hapo hapo Usangu, 2008 eneo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Ng'ombe waliondoka, mto ukaendelea kukauka. Mimi si mfugaji, na ng'ombe wamenilia mpunga zaidi ya mara moja, ila kwa hili walionewa. Mabanio yaliyojengwa kwa zege, yanayoweza kunywa mto wote, hakuna aliyeyagusa.

Dawa naiona rahisi tu. Kiangazi vibali vya lita vilale, maji yagawanywe kwa mafungu: mto ukiwa mdogo kila banio lipate fungu dogo, na fungu la mto lishuke chini bila kuguswa. Pajengwe kigawio cha zege kisicho na geti, maji yajigawe yenyewe, mlinzi akalale.

Aliyewahi kupeleka pingamizi la kibali mpaka likasikilizwa anielekeze: lilianzia wapi, lilichukua muda gani? Mbegu nimeshaziloweka, kitalu ni kikavu, na zamu yetu nyingine ni Alhamisi.